Injini Madhabahuni

Kanisa letu liko kwenye mwinuko juu ya ufuo, na kwa mwaka mzima injini ya boti ya uokoaji hukaa katika chumba cha kasisi, kati ya kabati la majoho na masanduku ya divai ya ushirika. Watu wa Kisumu mjini wakija huku kwa harusi huuliza kama tumechanganyikiwa. Hatujachanganyikiwa. Injini ikilala ufuoni, kesho yake utasikia imeshafika Usenge, imepakwa rangi nyingine, na aliyeiiba anakusalimia vizuri kabisa. Wezi wa ziwa hili hawaogopi polisi, lakini bado wanaogopa kidogo kuvunja kanisa. Ndiyo maana wanajeshi wastaafu, ambao ndio waokoaji wetu, walimwomba kasisi wa wakati ule awawekee injini yao. Kanisa lilikubali kwa sharti moja: kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka wanajeshi, injini iletwe mbele ya madhabahu ibarikiwe.

Sharti hilo nusura linimalizie mama.

Ibada yenyewe ilikuwa hivi. Wastaafu wenye nguvu waliibeba injini mabegani kama jeneza, wakazunguka nayo nje hadi mlango mkubwa, kisha wakapita nayo katikati ya kanisa mpaka mbele. Juu ya suti na nishani walivaa zile jaketi za rangi ya chungwa za kuelea majini, zote tulizokuwa nazo, kwa sababu zilipendeza kwenye picha. Petroli ilitolewa yote kabla, maana mwaka mmoja harufu yake iliwalewesha akina mama wa kwaya, na mishumaa ilikuwa inawaka hapo hapo. Simu za waumini wote, waokoaji wakiwemo, ziliwekwa kwenye kikapu mlangoni. Kwa hiyo asubuhi moja kila mwaka ziwa letu lilikuwa halina injini, halina jaketi, halina hata mtu wa kupokea simu, na hiyo ndiyo asubuhi tuliyomshukuru Mungu kwa ajili ya waokoaji. Kanisani tuna maprofesa, tuna wanasheria wanaokuja kutoka Nairobi wakati wa likizo, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeliona jambo hilo.

Amri ya kikapu ilikuwa ya sajenti. Tunamwita sajenti ingawa alishavua gwanda. Ni mtu wa Port Victoria aliyeoa kwetu, mrefu, sikio lake moja halisikii vizuri tangu Somalia, na ana tabia ya kukusahihisha kabla hujamaliza kusema. Mimi ni mwalimu mstaafu na nina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo hatuivi chungu kimoja. Tumegombana juu ya maua, juu ya viti, juu ya nani atangulie na nani afuate. Lakini yeye ndiye aliyeanzisha kikosi cha waokoaji, na siku moja tukichambua mchele nyuma ya kanisa mkewe aliniambia sababu. Dereva wake kule vitani, kijana wa Sondu, hakurudi. Hakupatikana, si mzima wala si maiti. Sajenti haongei habari hiyo, na mkewe alinionya nisije nikaigusa.

Ukutani, upande wa kushoto ukiingia, kuna bamba la shaba lenye majina ya wanaume wa hapa waliokwenda vita vya Burma wasirudi. Injini ikishawekwa chini, sajenti alikuwa akisimama mbele ya bamba na kuita majina kwa sauti ya gwaride, kama vile wenyewe wako nje wanafunga kamba za viatu. Kila jina likiitwa, mtu wa ukoo ule husimama na kujibu, "Hajarudi." Hatusemi amekufa. Hatusemi hayupo. Nilipohamishiwa shule ya hapa nikiwa mwalimu kijana niliona ni mchezo wa kizamani, nikataka kuuliza maana yake, kisha nikamsikia mama yangu akijibu kwa ajili ya kaka yake, nikafunga mdomo.

Mama alizaliwa upande huu, akaolewa ng'ambo ya ghuba, upande wa Kendu, ambako ndiko nilikozaliwa mimi. Kaka yake alikwenda Burma wakati mama anang'oka meno ya utoto. Leo mama ndiye mtu pekee aliye hai aliyewahi kuiona sura ya hata mmoja wa wale wa kwenye bamba. Habari zilipoletwa kwamba hakuna mwili wa kuzika, babu alifanya yanayofanywa kwetu mtu akipotelea vitani au ziwani: alichukua yago, lile tunda refu na zito la mti wa mwegea, akalifunga kwa blanketi na kulizika mahali pa mwanawe. Mama alikuwa amesimama pale.

"Nilimwona mama yangu akililia tunda," ameniambia mara nyingi, na kila mara humalizia vile vile. "Mimi msinizikie yago. Unasikia? Mnitafute mpaka mnipate."

Jioni ya Jumamosi tuligombana kwenye simu. Nilimwambia nitamtumia gari limzungushe kwa Katito na Ahero, alale kwangu, aamkie kanisani. Akasema gari humtapisha. Akasema akina mama wa kanisa lao wamekodi boti, wanavuka pamoja na viazi vyao na kuku wao wa sadaka, na yeye hawezi kuwaacha aende kutapika peke yake barabarani. Nikamwambia gugu maji limejaa ghubani, upepo ukigeuka litawafunga. Akasema gugu ni majani tu. Nikakata simu kwa hasira, ndivyo nilivyo, kisha nikampigia tena kumwambia avae sweta.

Kulipokucha upepo ulikuwa umegeuka. Kutoka mlangoni mwa kanisa sikuliona ziwa, niliona kijani kitupu mpaka mbali, na juu yake wingu zito la mvua za Novemba likishuka kutoka upande wa visiwa. Boti ya akina mama ilikuwa imeondoka mapema, ilipaswa kuwa imeshatia nanga, na haikuwepo. Nilimwambia kasisi tungoje. Kasisi wetu ni kijana mpole anayeogopa kumuudhi mtu yeyote, na siku hiyo alikuwa na mgeni kutoka dayosisi, mtu mwenye ibada nyingine ya kuwahi mchana. Akanitazama kwa huruma, akaashiria kengele ipigwe.

Mlangoni mzee wa kanisa alininyooshea kikapu. Nikamwambia simu yangu nimeiacha nyumbani. Ilikuwa ndani ya blauzi, nimeizima sauti tu, na sioni haya kuliandika hilo.

Injini iliingia, watu wakasimama, kwaya ikaimba. Niliona uzito wake ukiwaelemea wabebaji, na jasho likiwatoka chini ya zile jaketi. Waliilaza mbele ya madhabahu juu ya kitambaa cheupe, na maua niliyoifungia kwa mkono wangu yakaangukia upande mmoja. Siku nyingine ningekwenda kuyarekebisha. Siku hiyo nilikuwa naangalia dirisha. Matawi ya nje yalikuwa yanainama.

Sajenti akaanza kuita majina. Jina, kisha "Hajarudi" kutoka benchi la nyuma. Jina jingine, "Hajarudi," sauti ya msichana wa sekondari anayejibu kwa ajili ya babu wa babu yake. Ikafika zamu ya mjomba wangu. Sajenti akaita. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na vichwa vikaanza kunigeukia mimi. Nikasimama. Kujibu mimi kabla mama hajafika niliona kama ni kumwondoa duniani. Nilifungua kinywa, na hapo hapo simu ikaanza kutetemeka kifuani.

Niliitoa mbele ya watu wote.

"Mwalimu," sajenti akasema kwa sauti ya chini iliyojaa hasira, "weka hiyo kitu chini."

"Ni mama," nikasema, nikapokea.

Kwanza nilisikia upepo. Kisha wanawake, wengine wakiomba, wengine wakipiga mayowe. Kisha mama, kwa utulivu ulionitisha kuliko mayowe ya wenzake.

"Nyara," akaniambia, binti yangu, "pi donjo e yie."

Maji yanaingia ndani ya boti. Nilimuuliza wako wapi. Akasema wamefungwa na gugu, injini ya boti imesongwa na mizizi imezima, na ng'ambo ya gugu wanaona paa letu la kanisa. Kisha akaniuliza, "Wameshaniita?" Nikamwambia wanamwita sasa hivi. Simu ikakatika.

"Boti ya akina mama inazama," nikasema kwa sauti ya darasani. "Iko hapa mbele, ndani ya gugu. Mama yangu yumo."

Hakuna aliyesogea, na najua kwa nini. Wote tulikuwa tunaangalia kitu kimoja. Tuliiangalia injini ile ilivyolala na maua yake, na nadhani kila mtu aliyafahamu mambo yote kwa pamoja wakati ule, petroli, jaketi, kikapu cha simu. Mzee wa kanisa wa benchi la mbele, mtu mzima mwenye heshima zake, alinyanyua mkono.

"Jamani, baraka bado," akasema. "Sala ni fupi tu. Itatokaje kabla haijabarikiwa?"

Nilimjibu neno ambalo halisemwi kanisani, na sitaliandika hapa. Lakini aliyenishangaza ni kasisi. Yule kijana mpole alikunja mikono ya joho lake, akainama, akashika injini upande wa mkia.

"Nimeshaibariki," akasema. "Bebeni!"

Waliibeba. Sajenti alikuwa ameshafika mlangoni akilipapasa tangi. "Petroli iko wapi?" akauliza. "Nauliza, petroli ya hii injini iko wapi?"

Ilikuwa kwenye jenereta. Umeme ulikuwa umepotea tangu alfajiri, na mgeni wetu alihitaji kipaza sauti, kwa hiyo vijana wa mitambo waliichukua petroli ya uokoaji wakaimimina humo. Hata saa ile, nyuma ya kanisa, jenereta ilikuwa inanguruma na kuichoma.

"Zima hiyo kitu!" sajenti akapaza sauti. "Wewe, leta mpira. Wewe, oil iko kwa boksi ya spana. Haraka!"

Mmoja wa wastaafu alipiga magoti na nishani zake kwenye matope, akanyonya mpira, akatema, akanyonya tena, na petroli ikaanza kutiririka ndani ya tangi. Ilitiririka polepole. Sikuwahi kuona kitu kikitiririka polepole namna ile. Mzee wa kanisa aliyetaka baraka alikuja mbio na kikapu cha simu, akakimwaga chini kwenye ngazi ili kila mwokoaji achukue yake. Simu ya sajenti ilikuwa inawaka. Watu wa ufuoni walikuwa wamempigia, wakampigia tena, tangu wimbo wa kwanza. Akaiangalia, uso ukamsawijika, akaitia mfukoni.

Waliteremka mteremko ule wakikimbia, injini mabegani, nishani zikilia. Wastaafu wazee walibaki juu wameegemea fimbo zao. Mimi nilikimbia na viatu mkononi. Ufuoni vijana walikuwa wameshaisukuma boti majini, na mapanga ya kukatia gugu yalikuwa ndani. Wakaifunga injini. Mmoja akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ikakohoa, ikazima. Nilisikia mtu anasema "tafadhali, tafadhali, tafadhali," na nilikuwa mimi. Sajenti akamsukuma kando, akavuta yeye, na injini ikashika.

Nilikuwa nimeshapanda.

"Mwalimu, shuka."

"Sishuki."

"Mwalimu." Hakupaza sauti. "Hii boti inaenda kuchukua watu. Wewe ukikaa hapo, sema mwenyewe nani tumwache huko."

Nikashuka. Maji yalinifika magotini, na boti ikaondoka, ikaingia kwenye uwazi mwembamba kati ya gugu na mawe, ikazunguka rasi ndogo, nisiione tena.

Kungoja kule siwezi kukusimulia vizuri. Nilimpigia mama, simu haikupatikana. Nikampigia tena na tena, na yule mwanamke wa kwenye mashine akaniambia vile vile kwa adabu ile ile mpaka nikamtukana. Mvua ikaanza. Wanawake walioanika omena, dagaa wa ziwa letu, juu ya nyavu walikimbilia kuanua, wakiitana na kucheka kidogo kama watu wanavyocheka mvua ikiwafumania, na niliwachukia. Kisha nikajikuta naanua nao. Mikono ilihitaji kazi. Nilikusanya omena za mtu nisiyemjua, nikazitia kwenye gunia, na mwenyewe akanishika bega.

Nyuma ya vibanda vya ufuoni kuna mwegea. Nimepita chini yake miaka mingi bila kuuangalia. Siku hiyo matunda yake yalikuwa yananing'inia kwenye mvua, marefu, mazito, yanayumba, na nilijua kwamba mama asipopatikana kuna mtu, baba mdogo au binamu, mtu mwema anayefuata desturi, atakuja pale na panga na blanketi. Niliupa mti ule mgongo. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba tukifika huko mimi na yeye basi, tusijuane.

Kanisa lote lilikuwa limeteremka au limesimama mlangoni. Hakuna aliyeimba, na niliwashukuru kwa hilo.

Injini ilisikika kabla ya boti kuonekana. Ilikuwa na sauti nzito, ya kitu kilicholemewa. Halafu pua ya boti ikatokea nyuma ya rasi, imezama mpaka karibu na ukingo, na kitu cha kwanza nilichoona ni rangi ya chungwa. Jaketi zote zilikuwa zimevaliwa na akina mama. Wastaafu walikuwa na suti zao tu, zimewagandama mwilini, na wawili wao walikuwa majini wameshikilia ubavu wa boti ili kuipunguzia mzigo. Niliangalia sura moja baada ya nyingine. Mwenyekiti wa akina mama wa kule. Muuza vitenge. Mke wa mwinjilisti. Mama sikumwona. Niliangalia tena kuanzia mwanzo, taratibu, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani, na sikumwona.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya gwaride, kutoka majini. "Yuko! Mama yuko!"

Alikuwa amelala chini kabisa, sakafuni mwa boti, kichwa mapajani mwa mwenzake. Ndiyo maana sikumwona. Sajenti alikuwa mmoja wa wale wawili waliokuwa majini. Boti ilipogusa mchanga alimchukua mama mgongoni, akapanda naye ufuoni, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwa wote wawili. Wote waliokuwemo walikuwa wamepatikana. Kuku na viazi vilikwenda, na boti yenyewe ilizama mara tu baada ya mwanamke wa mwisho kutolewa. Baadaye wenzake walinieleza kwamba walikuwa wakikumba maji kwa beseni la kuku na kwa vilemba vyao, na mama alikaa ndani ya maji hadi kiunoni, ameinua simu juu ya kichwa, akisema binti yake atapiga.

Nilimgombeza. Sijui watu wengine hufanya nini. Mimi nilimshika mashavu yake ya baridi nikamgombeza huku nalia, nikamwambia nilikuambia, nilikuambia, gugu si majani tu.

"Wamemaliza?" akauliza.

"Nani?"

"Kuita majina."

Nikamwambia tunakwenda hospitali. Akasema tutakwenda, lakini kwanza juu. Nikasema hapana. Akamgusa sajenti begani, maana bado alikuwa amembeba, akamwambia, "Baba, twende juu." Na sajenti, ambaye hajawahi kukubali agizo la mtu wa ukoo wetu, akaanza kupanda mwinuko.

Kanisani watu walirudi kwenye mabenchi bila kuambiwa. Akina mama wa ng'ambo walikaa mbele, kila mmoja amefunikwa kwa lolote lililopatikana. Kitambaa cheupe kilichokuwa chini ya injini kilikuwa bado sakafuni, nikamfunika nacho mama, na alama ya grisi ikamwangukia kifuani. Jenereta ilikuwa kimya, hakukuwa na kipaza sauti. Mgeni wa dayosisi alikuwa bado amekaa mahali pake na hakuangalia saa.

Sajenti alisimama mbele ya bamba. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye mikono ya koti. Akaita jina la mjomba wangu, sauti ile ile.

Mama aliniegemea, akasimama. "Hajarudi," akasema.

Lilipaswa kufuata jina jingine. Sajenti aliliangalia bamba, na hakuita. Tulisikia mvua juu ya mabati. Nilidhani amechoka, nilidhani maji yamemwingia sikioni, hata nikafikiri nimsaidie kusoma. Kisha, bila kuangalia bamba, aliita jina ambalo halimo. Jina moja, la kijana, pamoja na cheo chake na nambari yake ya jeshi.

Mkewe, kwenye benchi letu, alijiziba mdomo kwa mkono. Hapo nikajua ni nani.

Hakuna aliyejibu. Nani angejibu? Hapakuwa na mtu wa ukoo wake pale, hapakuwa na mtu wa Sondu. Nilisikia mzee wa kanisa akimnong'oneza jirani yake kwamba huyo hayumo kwenye bamba. Sajenti aliita tena, na mara hii sauti ya gwaride ilivunjika katikati. Alibaki amesimama wima, mikono imebana mapajani, akingoja kama mtu anayengoja kuadhibiwa.

Mama alikuwa bado hajakaa. Nilihisi uzito wake kwenye mkono wangu. Hakumjua kijana yule, hakuwahi kusikia habari zake.

"Hajarudi," akasema.

Sajenti alitikisa kichwa kukubali, akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Tulimwacha. Kasisi akasogea, akasoma majina yaliyobaki, na watu wakajibu mpaka mwisho. Mama alikaa, akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Mama yake yuko hai?" akauliza.

"Sijui."

"Basi mtafuteni."

Siku hizi injini haipelekwi tena mbele ya madhabahu. Kasisi huteremka ufuoni kuibariki ikiwa imefungwa kwenye boti, tangi limejaa, waokoaji wawili wamekaa humo na simu zao zinaita. Kikapu kimerudi jikoni kwa mwenyewe. Mama huja kwa gari, na kila mwaka hutapika Ahero na kunilaumu mimi. Sajenti nami tungali tunagombana juu ya maua.

Yule mama wa Sondu tulimpata. Mara ya kwanza sajenti hakuweza kufika hadi mlangoni kwake, tulikwenda mimi na mkewe, na sajenti alibaki kituo cha magari cha Sondu amekaa ndani ya gari na madirisha yamefungwa. Mara ya pili alikwenda peke yake. Mwaka uliofuata mama yule alikuja kanisani kwetu, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa aliyetuletea ndizi, akakaa karibu na mama yangu benchi la mbele. Jina la mwanawe lilipoitwa alisimama, na ile sauti yake kubwa haikutoka. Mama akasimama pia, akamshika mkono, na wakajibu pamoja.